Kaseti za Kumlaza Commandant

Jumatatu, 5 Machi

Kaseti ya leo: upande A soul tupu, upande B rock laini, gitaa za mbao na sauti za chini. Nimeifuta mara mbili na kuianza upya. Wimbo wa tatu ulikuwa na ngoma inayoingia ghafla, na ngoma ya ghafla katika nyumba ile ni hatari. Nimeutoa. Mahali pake nimeweka wale waimbaji wanne wanaoimba kama watu wanaoogopa kuamsha mtoto.

Caporal wa Commandant alikuja kunichukua kwangu Murara mchana, kama kila siku. Jeep. Majirani huingia ndani wakiiona. Zamani walikuwa wanakuja kwenye kibanda changu kunakilisha slow, nyimbo za polepole za harusi, na kuniita Papa Slow kwa mapenzi. Sasa wananisalimia kwa kidevu. Siwalaumu. Mtu anayebebwa na jeep ya jeshi na kurudishwa mzima kila jioni, hata mimi ningemkwepa.

Himbi, mtaa mwingine wa Goma, nyumba ya kando ya ziwa. Mwenyewe alikimbia akaacha hadi picha za ubatizo ukutani. Commandant alikuwa amekwisha kula. Usiku hajaribu hata kulala, hukaa barazani na bunduki. Analala mchana tu, mapazia yakiwa yamefungwa na muziki ukipiga. Leo alilala kwenye wimbo wa pili. Mimi nikakaa sakafuni karibu na mashine, kidole tayari.

Kazi yangu ni hicho kidole. Upande ukiisha, mashine hujikata yenyewe kwa kishindo, ta! Commandant akisikia ta! anaamka na bastola mkononi. Kabla yangu askari mmoja alipigwa risasi ya bega kwa ajili hiyo. Kwa hiyo lazima awepo mtu anayeujua wimbo wa mwisho, aushushe polepole, azime kwa vidole viwili, ageuze kaseti, aanzishe. Hakuna anayeweza ila mimi. Maisha yangu yote nimetafuta mtu wa kuona kwamba kazi hii ina ufundi. Nimempata, na simtaki.

Alhamisi, 8 Machi

Phonie. Ile redio ya wafanyabiashara nyuma ya soko, ndiyo njia pekee iliyobaki ya kusema na Butembo. Mtu wa usalama huketi pale, miguu juu ya kiti, anasikiliza kila neno. Kinande, lugha yetu, marufuku. Unasema, ukimaliza unatamka à vous, ndipo mwenzako anaweza kujibu. Watu wote kwenye foleni wanasikia mambo ya ndoa yako.

Kavira, mke wangu, alifika kwa sauti ya mbali.

"Tumbo inashuka. Mama anasema ni mbele ya mwisho wa mwezi wa nne. Utakuya? À vous."

"Nitakuya. Commandant alishaniahidi karatasi. À vous."

"Aliahidi tangu Noeli. À vous."

Ni kweli. Alikwenda kwao Butembo mimba ikiwa changa, kwa sababu nyingine zote zilitoka, na daktari alimwambia alale karibu na mama yake, asibebe hata ndoo. Nilipaswa kumfuata. Kisha barabara ikakatika. Goma ina waasi wake, Butembo ina wake, na wote wanasema wanatukomboa. Mwanamume mzaliwa wa huko hatoki Goma bila feuille de route, karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya mkubwa. Mkubwa ninayemjua ni mmoja tu. Naye hawezi kulala bila mimi.

Kesho kaseti nyingine. Santuri ninazo. Nilinunua sanduku zima kwa padri mmoja aliyerudi Ulaya: za miaka ya sabini, waimbaji weusi na weupe, wote wapole.

Jumapili, 11 Machi

Hata Jumapili jeep ilikuja. Nilitoka misani moja kwa moja.

Commandant aliamka vizuri leo, akaomba chai, akaniambia niketi. Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu huko kwao. Ana adabu ya mwalimu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba siwezi kumchukia kwa raha. Nikamkumbusha karatasi.

"Papa Slow, karatasi utapata. Lakini unieleze, nani atageuza kaseti?"

Nilisema nitamfundisha Caporal. Commandant akaitazama mikono ya Caporal, mikubwa kama majembe, akacheka. Caporal naye akacheka. Nikacheka pia, mjinga mimi.

Jumanne, 13 Machi

Nimefikiri kutengeneza kaseti mbaya ili anifukuze. Nilianza. Nikaweka wimbo wa machozi, halafu tarumbeta, halafu mwanamke anayepanda juu kama king'ora. Sikuweza kumaliza upande. Mkono ulikataa. Na zaidi ya hapo, mtu akikosa usingizi kwa sababu yako hakufukuzi, anakupiga.

Nimejipalia makaa kwa ufundi wangu mwenyewe.

Jumatano, 14 Machi

Ajali. Usiku wa jana mashine ilitafuna utepe. Nikakata kipande kilichoharibika, nikaunga, lakini katikati ya upande A palibaki sehemu tupu. Sikuwa na kaseti nyingine. Nikaenda nayo hivyo hivyo.

Pengo lilipofika, sebule ilinyamaza. Nilisikia mawimbi ya ziwa na Mama Faida, mpishi, akiosha sufuria. Commandant akageuka ubavu. Akavuta pumzi. Akaendelea kulala. Muziki ulirudi ukamkuta palepale.

Kwa hiyo kimya hakimwamshi. Kimya kinamtisha akiwa macho. Akiwa ndani kabisa ya usingizi hakioni. Kinachomwamsha ni kishindo.

Nadhani nimeuona mlango.

Jumamosi, 17 Machi

Mpango: kumwachisha muziki kama mtoto anavyoachishwa ziwa. Leo kidogo, kesho kidogo zaidi, bila yeye kujua. Akiweza kulala mwenyewe hatanihitaji. Akiwa hanihitaji atatia sahihi.

Nimefanya kazi tangu asubuhi. Nyimbo tatu za kwanza zimejaa, za kumzamisha. Baada ya hapo naacha kati ya wimbo na wimbo nafasi ya pumzi tatu. Kisha sita. Nyimbo zenyewe nazishusha: kwanza zenye besi nene, mwishoni zile za gitaa moja na mtu mmoja. Wimbo usimalizike kwa kukatika. Lazima uondoke kama mgeni mwenye adabu, anayeaga, anasimama, anaaga tena, na humwoni akivuka kizingiti.

Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Nasema kweli.

Jumanne, 20 Machi

Imekubali. Pumzi kumi na mbili za kimya na hakujitikisa.

Mama Faida alinipa bugali na sambaza jikoni. Ni Mushi, kabila la upande wa Bukavu, mjane, naye anazuiliwa pale kwa sababu ya mchuzi wake. Akaniuliza kwa nini siku hizi muziki unakohoa. Nikamwambia mashine imezeeka. Aliniangalia kama mtu aliyelea watoto wengi, akaniongezea samaki.

Ijumaa, 23 Machi

Leo nilikaribia kufa.

Pengo la tano, refu. Akafungua macho. Hakusogea, alifungua macho tu, akiangalia dari. Mkono ukaenda chini ya mto.

"Juu ya nini inanyamaza?"

"Utepe umechoka, muzee. Inarudi sasa hivi."

Ilirudi. Namshukuru Mungu na namshukuru yule mwimbaji mwenye koo kavu, simjui jina wala sielewi anachosema. Commandant alinigeukia.

"Ukinidanganya, Papa Slow, nitajua."

Akalala tena. Nilihesabu vibao vya sakafu mpaka nikapata nguvu ya kugeuza upande. Nyumbani niliona nimejiuma ulimi.

Nitapunguza mwendo. Lakini siachi. Mwezi unakimbia.

Jumatano, 28 Machi

Upande B wote mtupu. Wote. Nilirekodi kimya, yaani mvumo wa utepe wenyewe, shhh, kama mvua ya mbali. Alilala upande mzima. Mwishoni nilizima kwa vidole viwili nikabaki nimekaa, sina la kufanya. Alikoroma. Sikujua kama anakoroma.

Furaha ilinijaa mpaka ikabidi nitoke nje. Askari wa getini akaniomba sigara. Nikampa pakiti.

Ijumaa, 30 Machi

Nimepata.

Leo nilianzisha kaseti tupu pande zote mbili. Kabla hajalala nilipiga wimbo mmoja tu kwenye mashine ndogo, basi. Akalala kuanzia chakula mpaka jua likageuka. Alipoamka nikasimama mbele yake kama mwanafunzi.

"Muzee, leo kaseti haikuwa na kitu."

"Namna gani?"

"Ilikuwa tupu. Umelala mwenyewe. Na juzi pia."

Hakuamini. Akairudisha mwanzo mwenyewe, akasikiliza, sikio karibu na spika. Shhh. Nilingoja hasira. Badala yake alikaa chini, akaufunika uso kwa viganja. Alipovitoa alikuwa anatabasamu, na nikamwona alivyokuwa ubaoni, na chaki.

"Weye ni munganga," akasema. "Hauko mutu wa muziki. Weye ni munganga."

Akaniandikia karatasi palepale juu ya meza ya kulia. Kwenda Butembo, kuona familia. Inakwisha tarehe 21 Aprili. Muhuri, sahihi. Lori la maharage linapanda Jumanne asubuhi, dereva ameshakubali.

Kavira. Nakuja.

Jumamosi, 31 Machi

Nilikwenda Himbi kwa miguu kuchukua santuri zangu na kumuaga Mama Faida. Nilimkuta anapiga pasi ya makaa. Sare za Commandant, zote, na blanketi zimekunjwa mlangoni.

Nikamuuliza nani anasafiri.

"Yeye. Anarudia kule juu, kwenu."

"Kwetu wapi?"

"Lubero kwanza, kisha Butembo. Walimurudisha huku kwa sababu hakuwa analala, alianza kupigisha miti risasi. Sasa analala. Wakubwa wanakuya Jumanne kumwangalia, wakimukuta muzima anapanda na batu yake. Banasema mbele ya kugonjwa hakuna muji ulimushinda."

Nikauliza kwa nini wasimpeleke mwingine. Akasema walimpeleka, mwezi wa kwanza, na askari wakakataa kumfuata, wakarudi kuuza viatu vyao sokoni. Wanamngoja huyu. Kisha akanipongeza. Alidhani nimefurahi, kwa kuwa barabara itafunguka na nitafika kwa mke wangu na wanajeshi mbele.

Nilikaa kwenye ngazi za jikoni. Siku zote nilidhani yuko Goma kupumzika, kama wakubwa wanavyopumzika. Sikuuliza. Nilikuwa naitafuta karatasi.

Nimemtibu. Mimi, kwa mikono hii. Nimemtibu na sasa anakwenda kuuteka mji ambamo mke wangu amelala chali kwa amri ya daktari na hawezi hata kubeba ndoo. Najua miji inavyotekwa. Nilikuwapo Goma ilipotekwa.

Jumapili, 1 Aprili

Misa. Sikusikia kitu.

Nikienda Jumanne, vita inakuja nyuma yangu, siku chache tu. Nitafika, halafu? Nimbebe Kavira kwenda porini, na tumbo lile? Mimba nne tulizika bila majina. Hii ndiyo iliyokubali kukaa.

Nikibaki bila kufanya kitu, yeye anapanda na mimi nasikiliza habari kwenye phonie, kama phonie itakuwepo.

Kuna la tatu. Sitaki kuliandika. Naliandika: wakubwa wamkute mgonjwa.

Naogopa. Sina neno zuri zaidi. Naogopa bastola, na naogopa jambo lenyewe. Yule mtu alilala mwenyewe wiki hii, bila muziki, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini, na alinishukuru.

Jumatatu, 2 Aprili

Nilimwambia Commandant nimemletea kaseti ya kuaga, ya muziki kamili, bila mapengo, zawadi. Akafurahi. Akavua viatu. Akaniambia nikifika Butembo nimsalimie mama mzazi wa mtoto, na nisiogope, barabara itakuwa nzuri hivi karibuni. Hivyo ndivyo alivyosema.

Niliitengeneza usiku kucha na ni kaseti bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Hakuna mlango unaosikika kati ya wimbo na wimbo. Inaanza na kinanda peke yake, inakwenda kwa wale wanne, inashuka kwa gitaa, inashuka tena, na mwishoni mwanamume na mwanamke wanavumisha wimbo bila maneno, midomo imefungwa. Alizama haraka. Pumzi ndefu. Mdomo wazi kidogo.

Wimbo wa mwisho ulianza kwisha. Mkono wangu niliuweka gotini. Ulitaka kwenda, umezoea. Nikaukamata kwa mkono mwingine.

Ta!

Risasi mbili. Moja ilitoboa pazia, ya pili iliingia ukutani juu ya kichwa changu na chokaa ikanimwagikia nywele. Nilikuwa nimelala kifudifudi. Nilipoinua macho, Commandant alikuwa chini ya meza, amekumbatia mguu wa meza, anaita jina la mtu. Jina moja, mara nyingi. Sitaliandika hapa, ni lake.

Caporal aliingia mbio na kunishika shingo. Commandant akamwambia aniache.

"Si yeye. Ni mashine."

Aliamini hivyo. Anaamini hivyo mpaka sasa.

Jumatano, 4 Aprili

Wakubwa walikuja jana. Mama Faida aliwapelekea chai akaona yote. Commandant hakuwa amelala tangu Jumatatu, mchana wala usiku. Kikombe kilimponyoka. Walipomwonyesha ramani aliangalia dirishani. Hawakukaa sana. Sare zimerudishwa kabatini.

Lori la maharage liliondoka. Dereva alinipigia honi nje ya kibanda. Sikutoka.

Leo jeep ilikuja tena. Commandant alikuwa amesimama barazani, mwembamba ghafla.

"Papa Slow, usiende kwanza. Nakuomba."

Miezi yote ilikuwa amri. Leo aliomba. Nikasema ndiyo, muzee. Tukaanza upya, wimbo wa kwanza, sauti ya juu, kama mara ya kwanza kabisa. Ilichukua pande mbili ndipo akafumba macho.

Nimemvunja mtu aliyekuwa anapona. Sioni aibu mbele ya mtu yeyote, ila mbele yake. Siwezi kumwomba msamaha bila kumwambia, na nikimwambia naoza kaburini.

Jumapili, 8 Aprili

Phonie.

"Karatasi ulipata ao hapana? À vous."

"Nilipata. À vous."

"Basi uko wapi? À vous."

Mtu wa usalama alikuwa anachezea kalamu. Foleni yote, mabibi wa soko, wachuuzi wa nguo, wote walikuwa wanasubiri jibu langu. Ningesema nini? Nikasema bado kuna kazi kidogo. À vous.

Mvumo mrefu.

"Kazi. Sawa. Terminé."

Yule wa usalama akaniuliza kama nina mwanamke mwingine Goma. Watu wakacheka. Nikamwacha afikiri hivyo, ni salama zaidi. Lakini iliuma, na njiani nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi la barabara.

Jumatano, 11 Aprili

Caporal anasema shambulio limesogezwa. Wakubwa wanagombana wao kwa wao. Mwingine anasema ni mvua, magari yanazama huko juu. Mwingine anasema wanangoja silaha. Hakuna anayesema ni kaseti. Sitajua kamwe. Labda nilipigiwa risasi bure. Labda wangechelewa hata bila mimi.

Jambo gumu ni hili: Commandant anaanza kupata nafuu tena. Mwili wake ni mwerevu. Kwa hiyo namlaza, lakini si sana. Kila upande naacha kitu kimoja kinachokwaruza, besi iliyozidi, kwaya inayoingia mapema kidogo. Usingizi unakuwa mwembamba, wa kumwacha hai tu. Kazi chafu. Masikio yangu yanachukia. Zamani mteja akinipa santuri yenye mkwaruzo nilikuwa nausafisha kwa pamba. Sasa nautafuta.

Jumapili, 15 Aprili. Pasaka

Baada ya misa nilikwenda phonie bila miadi. Nilikuwa na hofu tu. Opérateur aliniambia Butembo imeniita tangu asubuhi, mara tatu.

"Papa Masika, unanisikia? À vous."

Nilishika meza. Kwetu mtoto wa kwanza akiwa msichana ni Masika. Kabla sijaambiwa kitu kingine nilijua yote mawili, kwamba amezaliwa na kwamba yuko hai, kwa sababu haitwi hivyo baba wa mtoto aliyekufa.

"Nasikia," nikasema. Nikasahau à vous. Opérateur akanigusa bega. "À vous."

"Alizaliwa Alhamisi. Mukubwa. Ana masikio yako, maskini. À vous."

Foleni ikapiga makofi. Mwanamke mmoja wa makaa akapiga kigelegele. Hata yule wa usalama aliteremsha miguu kwenye kiti. Nikamuuliza Kavira kama ana nguvu, kama anakula. Akasema anakula. Hakuniuliza lini. Nilingoja aniulize na hakuniuliza.

Himbi mchana, kama kawaida. Commandant aliona uso wangu, akauliza. Nikamwambia ni msichana. Akavua saa yake ya mkononi anipe kwa ajili ya mtoto. Niliikataa, akasisitiza, nikaichukua. Iko hapa mezani. Siwezi kuivaa na siwezi kuitupa.

Alhamisi, 19 Aprili

Lori linapanda kesho. Karatasi bado ni nzuri mpaka Jumamosi. Niliitoa, nikaitandaza, nikafunga mfuko. Mashati mawili, kanga ya Kavira aliyoisahau, sabuni. Nikakaa juu ya kitanda na mfuko miguuni.

Ningeweza. Siku mbili na nambeba Masika. Commandant angenitafuta wiki moja, halafu mwili wake ungemfundisha tena kulala, maana njia nilikwisha kumwonyesha. Halafu sare, blanketi, ramani.

Nikafungua mfuko. Nilikasirikia sabuni, nikaitupa ukutani. Niwe mkweli, nilimkasirikia hata mtoto kwa dakika moja. Kisha nikaenda kuchagua nyimbo.

Jumapili, 22 Aprili

Karatasi ilikwisha jana. Hakuna kilichotokea. Mvua asubuhi, kisha jua.

Phonie ilikuwa na watu wachache. Kavira alisema watu wa Lubero wanarudi mashambani. Shule imefunguliwa. Bwana wa jirani yao alifika juzi kutoka Goma, kwa baiskeli, akizunguka porini, miguu imevimba.

"Ye alikuya na baiskeli. Weye banasema unabebwa na jeep. À vous."

Nilikuwa na mengi. Yule wa usalama alikuwa amerudisha miguu yake kitini. Nikauliza mtoto anaendeleaje. À vous.

"Sikiliza mwenyewe."

Akasogeza kipaza sauti kwa Masika. Ulikuja mvumo tu, mtupu, unaoendelea. Opérateur alizungusha vitufe, akatikisa kichwa.

"Haiko kitu, papa. Laini imekufa. Nifunge?"

Nikamwambia aache. Haikuwa imekufa. Mtoto alikuwa amelala. Niliinamisha sikio na kusikiliza mpaka zamu ya mtu mwingine ikafika.